Kadi Arobaini za Kawangware

Austine Osewe alikufa wimbo wake ukiwa nambari moja. Alikutwa Alhamisi asubuhi ndani ya chumba chake cha mabati huko Mashimoni, Kibera, amelala kifudifudi kando ya gitaa, na nzi walikuwa wamewatangulia polisi.

Inspekta Wesonga alifika saa tatu, kiatu chake cha kulia kimeachama kama mdomo wa mamba. Mvua za Aprili zilikuwa zimemaliza kazi iliyoanzwa na miaka minne ya kutembea. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na tangu mwaka huo wa tisini na saba uanze alikuwa amesimama juu ya maiti kumi na tisa, huyu akiwamo. Hakushtuka tena. Alichoka tu.

"Nani aligundua?"

"Ni mimi, afande." Filister Akoth aliuza maji mkabala na mlango ule. "Harufu ndiyo iliniita. Mlango ulikuwa na kufuli nje. Vijana wakaivunja."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumanne mchana. Alichukua mtungi mmoja, akaniambia, 'Mathe, Jumamosi usikose redio.' Jana hakuonekana. Tukasema staa amehama, ameenda kukaa na matajiri wenzake."

"Na hakuna aliyeuliza?"

"Ungeuliza kufuli, afande?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka ni nini kilicholala mle ndani.

Daktari wa polisi alipiga magoti, akasimama, akavua glovu. "Pigo moja, kisogoni. Mfupa umebonyea mduara, upana wa kifuniko cha soda. Nyundo, nadhani. Alikufa Jumanne jioni."

Hakuna kilichoibwa. Gitaa lilikuwapo, redio kaseti ilikuwapo, suti mpya ilining'inia kwenye msumari. Kilichokosekana ni vitu viwili: nyundo, na ufunguo wa ile kufuli.

Kabla ya saa sita, mkuu wa kituo, Muema, alikuwa tayari amemkamata mtu wake. Alikuwa Okello, mpiga besi wa bendi ya marehemu.

"Jumatatu ulimwambia Austine nini?" Wesonga aliuliza.

"Nilimwambia nitampasua."

"Na Jumanne akapasuliwa."

"Buda, hapa Kibera kila mtu husema atampasua mtu. Kama tungekuwa tunafanya, landlodi angebaki na nyumba tupu."

"Mligombania nini?"

"Jina. Kanda imetoka mwezi wa tatu, na jina ni moja tu. Mwimbaji, Austine Osewe. Mtunzi, Austine Osewe. Sisi wengine tulikuwa wapi? Tulikuwa tumeenda choo?"

"Kwani mtunzi hakuwa yeye?"

Okello alisita. "Maneno alikuja nayo kwa karatasi, imekunjwa-kunjwa. Na Austine hakuwa mtu wa kuandika. Hata barua ya dem wake nilikuwa namwandikia mimi."

"Karatasi ilitoka kwa nani?"

"Hakusema. Mimi ni wa besi, afande. Maneno si idara yangu."

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Keja, nyumbani kwangu. Nimelala. Peke yangu." Alifuta pua kwa mkono. "Najua inasikika vibaya."

Kwenye ukumbi, Muema alikuwa akingoja na meno yote nje. "Tumemaliza, Wesonga. Jumatatu anasomewa shtaka la mauaji."

"Nyundo iko wapi?"

"Ataitoa. Niachie siku mbili na yeye."

Wesonga alizijua siku mbili za Muema. Alikuwa amewaona wanaume wakitoka humo wamekiri hata makosa ambayo hayajatendwa. Kijana huyu mwembamba asingefika Jumamosi.

"Nipe mpaka kesho jioni," alisema.

"Ukafanye nini?"

"Nikasikilize redio."

Ijumaa asubuhi alipanda ngazi za kituo cha redio mjini, kiatu kikipiga makofi nyuma yake. Mtangazaji Celine Adhis, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo, ndiye aliyeendesha kipindi cha nyimbo kumi bora za kila Jumamosi. Marehemu alikuwa amehojiwa hapo wiki iliyopita, siku wimbo wake uliposhika usukani. Celine alitia kanda kwenye mashine.

Wimbo ulianza. Wesonga alikuwa ameusikia kwenye kila kinyozi na kila kibanda cha chai, lakini hakuwahi kuusikiliza.

*Wanza rudi hapa kwetu, mlango sijaufunga,*
*Viatu vyako vipo tu, kila siku navichunga.*

Kisha mahojiano. "Sasa Austine, tuambie, huyu Wanza ni nani?" iliuliza sauti ya Celine.

"Wanza ni dem wa baa fulani pale Satellite," Austine alijibu, na kicheko kikamtoka. "Ukimnunulia moja baridi, anarudi mwenyewe!"

Kwenye kanda, studio nzima ilicheka. Celine alizima mashine. "Niliona ni utani mzuri," alisema polepole.

"Hizi kumi bora mnazipangaje?"

"Kwa kadi. Msikilizaji anajaza kadi, anaomba wimbo, anasalimia watu wake. Kila kadi ni kura. 'Wanza Rudi' uliingia nambari tisa. Ukapanda hadi sita, tatu, mbili, ukakaa mbili tena, halafu moja."

"Hivyo tu, wenyewe?"

Celine akacheka kwa aibu, akavuta magunia kutoka chini ya meza. "Hakuna wimbo unaopanda wenyewe, afande. Kila msanii ana mtu wake. Wa Austine anajiita Mzee wa Mshono, fundi viatu, Kawangware. Wiki ya kwanza alituma kadi kumi na mbili. Siku hizi ni arobaini. Wimbo unaofuata haufikishi thelathini na tano."

Wesonga aliketi sakafuni, akavua kiatu, akaanza kusoma. Alisoma saa mbili. Mwandiko ulikuwa mmoja, wa mtu aliyejifundisha mwenyewe, kila herufi imesimama wima kama askari. Kila kadi ilisalimia watu saba, kwa mpangilio ule ule. Wa kwanza daima alikuwa Austine Osewe wa Mashimoni. Wa tatu alikuwa Okello wa besi.

Kisha akafika kwenye kadi za wiki hii. Muhuri wa posta ulikuwa wa Jumatano. Wimbo ni ule ule, mwandiko ni ule ule. Majina sita.

Akahesabu tena. Arobaini zote, majina sita. Austine hakuwamo.

"Celine, mtu akiondolewa kwenye salamu, maana yake nini?"

"Labda wamekosana."

"Wakikosana, ataendelea kuuombea wimbo wake? Kadi arobaini?"

"Hapana." Celine alifikiri. "Basi ni kufiwa. Marehemu hasalimiwi. Watu wa salamu ni wakali sana kwa hilo. Ukimsalimia maiti ni kama kumkejeli, na msiba utakufuata nyumbani."

"Kadi hizi ziliandikwa Jumatano," Wesonga alisema. "Maiti ilipatikana Alhamisi."

Celine alifunika mdomo.

Saa tisa alasiri Wesonga alikuwa Kawangware, karibu na soko. Alimwacha konstebo wake ng'ambo ya barabara, akaingia peke yake kwenye kibanda cha mbao ambamo redio ndogo ilining'inia kwenye msumari. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Kazi haijambo, wateja ndio wagonjwa." Fundi alikipokea kiatu, akakigeuza. "Hiki hakihitaji fundi. Kinahitaji padri."

"Kishone tu."

Wesonga aliketi kwenye kigoda, mguu mmoja na soksi yenye tundu. Ukutani paling'aa viatu vya kike, vyeusi, vya kisigino kifupi. Havikuwa na vumbi hata chembe.

"Vile bei gani?"

"Haviuzwi."

"Mwenyewe atavijia lini?"

Fundi alivuta uzi mpaka ukakaza. "Mwenyewe tulimzika Kitui, mwaka wa tisini na nne."

"Wanza," Wesonga alisema.

Sindano ilisimama.

"Wewe ni polisi."

"Inspekta Wesonga. Na wewe ni Mzee wa Mshono."

"Wambua Musembi. Kuandika kadi si kosa."

"Si kosa. Majina saba kila kadi, wa kwanza Austine. Jumatano majina yakawa sita."

"Nilisahau."

"Mara arobaini?"

Nje, muuza mahindi alikuwa akigombana na mteja.

"Aliniudhi," Wambua alisema. "Mtu akiniudhi simsalimii."

"Alikuudhi, na bado ukauombea wimbo wake?"

"Si wake!" Mzee alisimama, misumari ikamwagika kutoka mapajani. "Wimbo si wake! Hata mizani hajui kuhesabu, yule! Kila neno nililipima mimi, hapa, kwa vidole hivi!"

Nyundo yake ilikuwa imeanguka chini. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo, upana wa kifuniko cha soda. Wesonga aliivuta kwa mguu wenye soksi mpaka chini ya kigoda chake.

"Keti, mzee. Niambie."

Wambua aliketi. Alizungumza akiangalia kile kiatu.

"Mimi sina sauti. Yeye alikuwa nayo. Nikampa maneno, yeye aimbe. Tukapatana kitu kimoja tu. Ukifika nambari moja, aseme redioni kwamba haya ni maneno ya Wambua, yanamhusu mke wake. Kwa hiyo nikaupandisha mwenyewe. Nimeandika kadi mpaka vidole vikaota sugu mpya. Jumamosi ile niliwaita wateja wangu wote. Nikaongeza sauti. Nikawaambia, leo mtasikia jina."

"Wakasikia baa ya Satellite."

"Wakacheka, afande. Hawakujua. Walikaa hapo hapo ulipokaa, wakacheka mpaka wakatoa machozi. Miaka kumi na minane alinifulia shati, Wanza. Akafanywa malaya wa moja baridi, nchi nzima ikisikia."

"Jumanne ukaenda Mashimoni."

"Nilikwenda kumwomba arudi redioni, aseme kweli. Akanishika bega. 'Mzee, watu wanataka kucheka. Sikia ubeti mpya niliotunga.' Wanza anacheza juu ya meza, hana nguo. Akageuka kuchukua gitaa." Aliitazama nyundo chini ya kigoda. "Fundi haendi popote bila mfuko wake wa kazi."

"Na kufuli?"

"Mbwa ni wengi kule. Sikutaka wamguse." Alitia vidole kwenye kopo la misumari, akatoa ufunguo mdogo, akauweka kwenye kiganja cha Wesonga.

"Ungeandika jina lake kama kawaida, nisingekufikia."

"Nilijaribu. Kadi ya kwanza niliandika 'Austine.' Nikaichana. Nimemuua, ndiyo. Nimsalimie tena?"

"Kuna kijana yuko ndani kwa ajili yako. Okello."

Wambua aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Wa besi? Huyo yumo kwenye kadi!" Akaitafuta sindano yake. "Hakuniambia mtu. Twende. Ngoja tu nimalize mshono."

Wesonga alingoja. Hakuwa na nguvu za kukataa, na hakuwa na kiatu.

Kituoni, Muema alisimama mlangoni huku Wesonga akiandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe.

"Jina?"

"Wambua Musembi."

"Kazi?"

"Fundi viatu." Mzee alisita. "Na mtunzi. Andika, afande. Na mtunzi."

Wesonga aliandika: fundi viatu, na mtunzi wa wimbo "Wanza Rudi." Wambua aliomba ile karatasi. Aliusoma mstari huo mara mbili, kidole kikifuata. Kisha akatia sahihi chini ya yote mengine bila kuyasoma.

Okello aliachiliwa jioni hiyo, mkanda wa suruali mkononi.

"Ni nani, buda?"

"Mwenye ile karatasi."

"Alikuwa anataka nini?"

"Jina," Wesonga alisema. "Kama wewe."

Okello aliufunga mkanda, akaondoka kuelekea Kibera.

Kesho yake Wesonga alisikiliza redio. Kadi za Jumatano zilikuwa zimehesabiwa. Wimbo ulibaki nambari moja, na Celine aliucheza bila utani wowote. Jumamosi iliyofuata ulianguka hadi nambari tisa, pale pale ulipoingilia. Jumamosi ya tatu hakuna aliyeutaja.

Wesonga alizima redio, akavaa viatu. Mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na maiti ya ishirini huko Mashimoni. Alivuka matope yote mpaka mlangoni, na mguu wake wa kulia ukabaki mkavu.