Mswala wa Shoaib

Haya yalimpata rafiki yangu Shoaib, muuza vitambaa wa mtaa wa Ndia Kuu.

"Kakangu, adhuhuri yapita," dadake Lamis alimkumbusha.

"Nitasali nikipumzika," alijibu kwa uchovu, kama alivyojibu miaka thelathini tangu arusi yake. Akapanda ghalani kumtafutia mteja jora la bafta.

Umeme ulikuwa umekatika. Gizani alisikia mtu akiinama, akiinuka, magoti yakigonga mbao taratibu kama ya mzee aliyechoka.

"Nani huko?"

Akawasha tochi ya simu. Hapakuwa na mtu. Sakafuni ulikuwa umetandikwa mswala aliopewa na mamake siku ya arusi, ambao hakuwahi kuukunjua. Pahali pa magoti palikuwa pamelika hadi nyuzi, na pale pa kuweka paji la uso palikuwa pamelowa, pangali na joto.