Nyanchoka Arudisha Usingizi Wake

Motari ana duka la vifaa katika mji wa Migori. Anauza kamba, sululu, misumari na pampu za maji. Wateja wake wengi ni wachimbaji wa dhahabu kutoka machimbo ya Osiri. Huja asubuhi na mapema, viatu vyao vimejaa vumbi, na hutaka kuhudumiwa haraka. Mkewe, Joyline, anauza nguo za watoto sokoni. Wamejaliwa watoto, na yule mdogo kabisa bado anatambaa.

Nyumbani kwao anaishi pia mama yake Motari. Jina lake ni Nyanchoka.

Nyanchoka alikuwa mkulima huko Kisii. Alilima migomba, mahindi na mboga. Mumewe, mzee Omwenga, alipofariki, Motari hakutaka mama yake abaki peke yake. Alimleta Migori aishi nao. Wajukuu walifurahi. Joyline alimpa chumba chenye dirisha kubwa, na jamaa wote walimsifu Motari kwa kumtunza mzazi.

Lakini Nyanchoka hakuzoea kukaa bure. Nyumbani aliamka na jogoo, akafanya kazi mpaka jua likazama. Migori hakuwa na shamba. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti barazani, akasinzia. Jioni alikunywa chai nzito ya maziwa, kikombe baada ya kikombe, kwa maana ilimkumbusha kwake. Usiku ulipofika, usingizi haukuja. Muziki wa baa ya jirani ulimfikia chumbani. Alikaa macho akimfikiria Omwenga, na hakumwambia mtu.

Motari alimwona mama yake amechoka na macho mekundu. Akamhurumia. Alienda kwa kemisti mmoja na kuomba dawa ya usingizi. Muuzaji hakudai karatasi ya daktari. Hakuuliza mgonjwa ni nani wala ana umri gani. Alitoa vidonge, akavitia katika bahasha ndogo.

Nyanchoka alimeza kidonge, akalala vizuri sana. Asubuhi alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru mwanawe. Vidonge vilipokwisha, Motari alinunua vingine. Miezi ikapita. Kidonge kimoja hakikutosha tena, wakaongeza. Hakuna aliyeona ubaya. Dawa ni dawa, walisema.

Joyline ndiye aliyeanza kuona mabadiliko. Mama mkwe wake alitia chumvi katika chai badala ya sukari. Alimwita mjukuu kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe, aliyekufa zamani. Alitembea akishika ukuta. Alianzisha hadithi, akasahau katikati alichokuwa akisimulia. Joyline alinyamaza, kwa sababu ni vigumu kwa mke wa mwana kusema kwamba mama ya mumewe amechanganyikiwa.

Mchana mmoja Joyline alirudi kutoka sokoni akakuta maharagwe yanachemka na kumwagika juu ya jiko la makaa. Mtoto mdogo alikuwa ametambaa mpaka karibu na jiko. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea sufuria. Nyanchoka, aliyeachiwa mtoto, alikuwa kwenye kiti, amelala fofofo.

Joyline alimnyakua mtoto. Mtoto akalia. Nyanchoka akashtuka, akainuka kwa haraka, akapepesuka. Alianguka na kugonga paji la uso kwenye ukingo wa mlango.

Jioni hiyo Motari aliongea kwa simu na ndugu yake mkubwa, Nicholas, aliye Kisii. Nicholas alisema mama amezeeka na akili inamwacha. Alitaka arudishwe nyumbani, atafutwe mtu wa kumlinda kama mtoto. Nyanchoka alikuwa chumbani, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia yote.

"Mimi si mjinga," alimwambia Joyline alipomletea uji. "Kichwa changu kina ukungu. Najua kina ukungu. Lakini mimi bado nipo ndani."

Joyline alilia. Kesho yake alikwenda kwa jirani yao, Mulki.

Mulki ni muuguzi hospitalini. Mumewe, Suhail, anauza vitambaa karibu na msikiti. Familia hizo mbili zimeishi jirani kwa muda mrefu. Wakati wa Idi Mulki huwaletea pilau, na Joyline humletea ndizi kutoka Kisii. Mulki alikuja, akasafisha jeraha la Nyanchoka. Kisha aliketi mbele yake na kumuuliza polepole kuhusu chakula, kuhusu choo, kuhusu kizunguzungu. Mwisho aliuliza anatumia dawa gani.

Motari alijibu haraka kwamba mama hatumii dawa yoyote, isipokuwa zile za usingizi tu.

"Naomba nizione," Mulki alisema.

Alivishika vidonge, akauliza mama anameza vingapi na tangu lini. Alipojibiwa, alivirudisha katika bahasha.

Kisha aliwaeleza. Dawa za namna hii huandikwa na daktari, na kwa kawaida hutumika kwa muda mfupi tu. Mwili wa mzee hauitoi dawa haraka kama mwili wa kijana. Dawa ya jana huwa bado imo mwilini leo inapoongezwa nyingine. Ndiyo maana mzee husinzia mchana, husahau, na huanguka. Watu wakimwona husema ni uzee. Pengine ni uzee kweli, lakini pengine ni dawa, na huwezi kujua mpaka mtu achunguzwe. Tena mwili huzoea. Kiasi cha kwanza hakitoshi, na mtu huanza kuamini kwamba hawezi kulala bila kidonge.

Nyanchoka alikuwa akisikiliza kwa makini. Kwao ni Wasabato, na tangu ujana wake hajawahi kuonja pombe.

"Sista," aliuliza, "basi mimi nimekuwa mlevi?"

"Hapana, Mama. Ulitafuta usingizi, na dawa ikakushika. Na hata yule aliyeshikwa na pombe ni mgonjwa anayestahili kutibiwa. Usione aibu."

Mulki aliwaambia wampeleke hospitalini wiki hiyo hiyo. Akawaonya kwamba kabla ya kumwona daktari wasibadilishe chochote. Lakini Motari alikuwa amejaa majuto. Mulki alipoondoka, alichukua vidonge vyote na kuvitupa chooni. Alidhani anamwokoa mama yake.

Siku iliyofuata Nyanchoka alikuwa na wasiwasi, hakuweza kutulia. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata kikombe kikamwagika. Alitoka jasho kana kwamba ana malaria. Moyo ulimwenda mbio. Alisema kuna wadudu wanaotembea ukutani, na ukuta ulikuwa safi. Joyline alikimbia kumwita Mulki. Mulki alipoingia na kumwona, hakukaa hata kidogo. Aliuliza vidonge viko wapi, Motari akakiri kwamba amevitupa chooni.

Walimpeleka hospitalini wakati huo huo.

Daktari aliyemhudumia aliitwa Maranga, Mkuria mwenye sauti ya chini. Alimpima Nyanchoka, akamrudishia dawa ya namna ile kwa kipimo apate kutulia, akamlaza wodini ili aangaliwe. Alimwambia Motari kwamba mtu aliyezoea dawa hizo akiziacha ghafla anaweza hata kupata kifafa. Hakumkemea. Alipoona Nyanchoka ametulia na anaweza kusikiliza, alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, umewahi kumbeba mtoto mgongoni?"

"Nimebeba wengi."

"Ukitaka kumteremsha, unamtupa?"

"Hapana. Nainama kwanza."

"Basi na sisi tutainama. Tutapunguza dawa kidogo, tungoje mwili uzoee. Halafu kidogo tena. Itachukua miezi. Kuna siku utalala vibaya na utaona heri urudi nyuma. Utanieleza ukweli, na mimi sitakugombeza."

Nyanchoka akasema, "Nimelima mlimani maisha yangu yote. Kazi ya pole pole naijua."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Joyline ndiye aliyetunza vidonge na kutoa kiasi alichoandika daktari, si zaidi wala si pungufu. Mulki aliwafundisha mambo mengine, maana kupunguza dawa peke yake hakutoshi. Chai ya majani ikawa ya asubuhi tu. Jioni Nyanchoka alikunywa uji au maziwa ya moto. Aliamka wakati ule ule kila siku, hata kama alilala vibaya. Mchana hakukaa kwenye kiti na kusinzia. Akilala kitandani na usingizi ukakataa, hakubaki pale akipigana nao. Aliinuka, akaketi sebuleni kwa utulivu, akarudi kitandani macho yalipokuwa mazito. Motari alihamishia kitanda cha mama chumba cha nyuma, mbali na muziki wa baa.

Palikuwa na jambo moja ambalo Nyanchoka alilitaka mwenyewe. Aliomba ardhi.

Nyuma ya kanisa lao palikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa magugu. Motari alizungumza na wazee wa kanisa, wakakubali. Nyanchoka alichukua jembe. Mwanzo hakuweza kulima sana. Alipumzika, akaendelea, akapumzika tena. Lakini alikwenda kila asubuhi isipokuwa Sabato. Aliotesha mboga za kienyeji: chinsaga, managu na mchicha. Waumini waliopita walimwona ameinama juani, kitambaa kichwani, na wengine waliingia kumsaidia kung'oa magugu.

Si kwamba ilikuwa rahisi. Kila daktari alipopunguza dawa, Nyanchoka alipata siku mbaya. Alikasirika bila sababu. Mwili ulimuuma. Jioni moja, baada ya chakula, alimfuata Joyline jikoni.

"Nipe kingine," alisema. "Kimoja tu. Motari hatajua."

Joyline aliogopa. Kumnyima mama mkwe ni jambo zito. Aliweka chini sahani aliyokuwa akiiosha, akafuta mikono.

"Mama, kidonge siwezi kukupa. Lakini nitakaa na wewe. Niambie kuhusu Baba. Hujawahi kuniambia."

Nyanchoka alivuta kigoda, akaketi. Kisha alianza kusimulia. Alieleza jinsi Omwenga alivyokuwa akiimba vibaya kanisani, kwa sauti kubwa, na hakuona aibu. Alieleza alivyougua. Alisema kwamba tangu mazishi hakuna mtu aliyemuuliza habari za mumewe, na kwamba kila alipojilaza, upweke wa chumba ulimlemea. Alilia. Joyline naye alilia. Waliketi jikoni mpaka makaa yakazimika.

Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza kila jioni. Wajukuu walijifunza wimbo ambao babu yao alikuwa akiuharibu.

Wakati mmoja Nyanchoka alishindwa kabisa. Dawa ilikuwa imepunguzwa, na usiku ulikuwa mgumu mfululizo. Alipofika kwa daktari alisema wazi kwamba hawezi kushuka zaidi kwa sasa. Wengine wangeficha kwa aibu. Daktari Maranga alimshukuru kwa kusema kweli. Alimwacha katika kiasi kile kile kwa muda, mpaka mwili ulipotulia. Kisha wakaendelea.

Ukungu wa kichwani uliondoka kidogo kidogo. Kwanza aliacha kukosea majina. Halafu Joyline aligundua kwamba mama mkwe wake anasimulia hadithi mpaka mwisho. Baadaye alianza kubeba mazao yake kwenda sokoni. Wateja wake Wajaluo waliita chinsaga "dek", naye akajifunza kuiita hivyo, akawauliza wanavyoipika.

Nicholas alipokuja kutoka Kisii, alikuwa amejiandaa kumchukua mama aliyepoteza akili. Alimkuta shambani. Nyanchoka alimsalimu, kisha akamuuliza kwa nini aliuza mbuzi wake mweupe aliyemwacha Kisii bila kumwambia. Nicholas aliomba radhi. Baadaye, akiwa amekaa na Motari, alikiri kwamba alikosea kumzika mama akiwa hai.

Wiki chache baada ya hapo, daktari alimwambia Nyanchoka kwamba hahitaji kidonge tena. Kuna usiku anaolala vizuri na usiku anaoamka mapema. Akiamka mapema, haogopi. Mulki, aliyewaona wagonjwa wengi, husema hajaona mtu mwenye moyo kama wa yule mama. Wengine hungoja dawa iwafanyie kazi yote. Nyanchoka alifanya kazi yake mwenyewe.

Sokoni, karibu na meza yake ya mboga, kuna mfanyabiashara aitwaye Dolphine. Huleta omena, dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay. Asubuhi moja Dolphine aliketi juu ya gunia lake, akapiga miayo, akamwambia Nyanchoka kwamba tangu mwaka jana hapati usingizi. Alikuwa amesikia habari.

"Mama, wanasema ulikuwa na vidonge vizuri. Kama umebakiza, nisaidie hata kimoja."

Nyanchoka aliweka chini kisu cha kukatia mboga. Hakucheka wala kumkaripia. Alimsogezea kiti chake, akamwambia akae vizuri na aeleze shida yake tangu mwanzo. Dolphine alieleza. Nyanchoka alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkata.

Kisha alimwomba muuzaji wa karibu awaangalizie biashara zao. Alijifunga leso, akamshika Dolphine mkono, wakaenda hospitalini. Walimkuta Mulki yuko zamu.

"Sista, nimekuletea mtu," Nyanchoka alisema. "Mwanangu huyu amechoka. Msikilize kabla hajaanza kumeza chochote. Mimi nitakaa hapa nje."

Akaketi kwenye benchi kati ya wagonjwa wengine, akamsubiri Dolphine mpaka alipotoka.