Mbegu ya Nagami

Kupe wote walikuwa wameinua miguu ya mbele kuelekea kona isiyokuwa na mtu.

Dokta Itohara Chinatsu alijua maana yake: kupe huinua miguu anaponusa pumzi. Akabana pumzi. Yoichi, mwenzake wa maabara, naye akabana yake. Miguu haikushuka.

"Labda wanamsalimia bosi," Yoichi alinong'ona.

"Bosi yuko Tokyo. Na usinichekeshe, nimechoka."

Alikuwa na haki ya kuchoka. Kipimo cha homa ya kupe, ile iliyokuwa ikiwaua wachimba machipukizi ya mianzi katika milima ya Shimane, kilihitaji kupe wamuume panya. Nao, kundi baada ya kundi, walimpuuza panya, wakafa njaa wakiielekea kona. Alibadilisha panya, akabadilisha taa, akaziba madirisha. Kona ikazidi kunuka udongo mbichi wa msitu wa mianzi, na chini ya mngurumo wa majokofu kukasikika mtu akihema kwa shida, taratibu, kama mgonjwa aliyepandwa na homa hadi kooni na asiye na wa kumgeuza ubavu.

Ndipo Chinatsu alipoelewa. Vijidudu vya homa hiyo vilitolewa katika damu ya mzee Nagami, mchimba machipukizi mmojawapo, kabla homa haijamuua, vikapewa jina lake, kama ilivyo desturi ya maabara. "Nagami yuko kwenye friza?" "Mtoe Nagami ayeyuke." Ndivyo walivyosema maabarani mchana kutwa. Ilhali kwao marehemu hupewa na mtawa wa Kibudha jina jipya la kaburini, ili lile la uhai lisimrudishe.

"Tunamwita kila siku, Yoichi. Naye ni mtu wa adabu, anakuja."

Mtawa wa hekalu aliingizwa kupitia mlango wa nyuma. Alifukiza uvumba, akasoma, akawaonya: "Msimwite tena, jamani. Mwacheni mzee apumzike." Harufu ikatoweka. Kupe wakauma. Kipimo kikafanya kazi.

Lakini Profesa Kadowaki, mkuu wao, alikataa katakata kubadilisha jina la mbegu ile ya vijidudu.

"Dunia nzima inaijua mbegu hii kwa jina hilo, Itohara. Ukiiita vingine, hakuna hospitali itakayokiamini kipimo chako. Watu waendelee kufa huko milimani kwa ajili ya ushirikina wako?"

Siku ya kukiwasilisha kipimo, ukumbi ukiwa umefurika madaktari, Chinatsu alikisogelea kipaza sauti, akalitamka jina la mzee.

Nyuma ya shingo yake, sauti ya mzee aliyechoka kuamshwa ikaitika:

"Naam, dokta."