Kadi Iliyogoma Kuingia

Kila alasiri akitoka shule, Kwanini alivua sare, akala, akaosha sahani, kisha akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Kwanini halikuwa jina alilopewa na wazazi. Majirani ndio waliompachika, maana mtoto yule alikuwa haishi kuuliza. Kwa nini feni inazunguka? Kwa nini betri inapata moto? Ukimjibu swali moja, linazaa mawili. Hata watu wenye subira zao walikuwa wakimwona kwa mbali wanabadilisha njia.

Likizo ilipokaribia, maswali yake yote yalihamia kwenye kompyuta. Aliitaka ya kuchezea michezo, hasa ule wa mbio za magari ambao ukiucheza unainama na kona huku umekaa kitini. Za dukani zilikuwa bei ya kukata maini. Ndipo akagundua kwamba mtu anaweza kununua kifaa kimoja kimoja, vingine vilivyokwisha tumika, akaunda kompyuta yake mwenyewe. Akamganda mama yake kama ruba mpaka mama akasalimu amri.

"Sikiliza," mama alimwambia, akimkabidhi akiba yake ya kushona. "Hizi nimezitolea jasho. Ukinunua kisichofaa, sina nyingine, na habari za kompyuta tutazisahau. Nakuamini, mwanangu. Usiniangushe."

"Sikuangushi, mama."

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa binamu yake, aliyeishi nao nyumba moja. Huyo walimwita Domo, kwa kuwa alijua kila kitu kabla hajaambiwa. Wawili hao walizunguka madukani wakapata skrini, kibodi, kasha kuukuu lenye diski na ubao wa kuunganishia vifaa ndani yake, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ramu moja ya kumbukumbu, na kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa. Ilibaki kadi ya picha tu. Kadi hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Ikiwa dhaifu, magari ya mchezo hutembea kwa kurukaruka.

"Kabla ya kuchagua kadi, pimeni nafasi," fundi wa kompyuta alikuwa amewaagiza.

Kwanini akachukua utepe wa mama yake. Tangu utotoni alimwona mama akipima wateja: bega, kifua, kiuno. Naye akalizungushia kasha utepe, akalipima urefu kwa nje, akaandika kiganjani. Mtoto wa fundi cherehani afundishwe kupima? Thubutu!

Kesho yake walikwenda kwa fundi. Alikuwa mwanamke mnene mcheshi, anayechomeka bisibisi kwenye kilemba chake, na ukutani alikuwa na kibao: KIKITOKA MLANGONI NI CHAKO.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Haya, chagueni."

Akaweka kadi mbili mezani. Moja fupi, ina feni moja. Nyingine ndefu, ina feni tatu, inang'aa. Macho ya Domo yakamtoka.

"Hiyo ndefu ndiyo yenyewe! Nani atacheza na hicho kifupi?"

"Ndefu ina nguvu, ndiyo," fundi alisema. "Lakini inakula umeme na inakula nafasi. Binti, umepima ndani ya kasha?"

Neno "ndani" lilimchoma Kwanini. Ndani? Ndani mtu anapimaje? Yeye aliyeuliza maswali kutwa kucha, leo alihitaji kuuliza hilo moja tu. Lakini Domo alikuwa anamtazama, na mteja mwingine amesimama nyuma yake. Aibu ikamkaba. Watu wataonaje, mtoto wa fundi cherehani asijue kupima?

"Nimepima," akajibu. Kweli alikuwa amepima, ila sicho alichoulizwa.

Walilipa, wakarudi nyumbani na kadi ndefu. Kwanini akafungua kasha, akaielekeza kadi mahali pake, akasukuma taratibu. Ikagonga chuma. Mbele yake palikuwa na kizimba cha kushikilia diski, na kadi ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Akaiinamisha. Akaigeuza. Wapi! Na pesa za mama zilikuwa zimekwisha.

"Rahisi," Domo alinong'ona. "Tunarudi, tunamwambia ametupa siyo. Wateja wote wale, atakumbuka nini?"

Kwanini aliitazama kadi. Akisema kweli, kibao kile kitamhukumu. Akidanganya, huenda kadi ikapokelewa. Chumba cha pili alimsikia mama akikanyaga cherehani, na kila mlio ulimuuma. Alibeba kadi, akatoka.

Walipofika, Domo akawahi. "Fundi, wewe ulitupa..."

"Fundi, nilikudanganya," Kwanini alimkatiza, machozi yakimlengalenga. "Sikupima ndani. Nilipima nje, nikaona aibu kukuuliza."

Fundi akaiweka chini feni aliyokuwa akiipuliza vumbi. "Na kwa nini ulipima nje?"

"Mama anawapima watu kwa nje."

Fundi aliangua kicheko mpaka bisibisi ikadondoka kutoka kichwani. "Maskini! Kasha ndilo gauni, mwanangu, na kadi ndiyo mwili!" Kisha akakunja uso, akamgeukia Domo. "Kadi ile nilikuwa nayo moja tu, na mkono ulioichagua naukumbuka. Mngesema nimekosea mimi, kibao kingewajibu. Lakini mwenzako amesema kweli, na kadi haijachubuka. Leteni kasha hapa."

Walikimbia kulileta, na safari hii Kwanini alipima mwenyewe kwa ndani, kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye kizimba. Kadi fupi ilitosha na nafasi ya kupitisha hewa ikabaki. Fundi akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa iliyokuwa humo, akatikisa kichwa.

"Hata ingeingia, ile ndefu ingeizidi nguvu pawa hii. Mngekuwa mnacheza, puu, imezima. Chukueni fupi, na kwa chenji inayobaki nitawapa ramu ya pili."

"Kwa nini ramu mbili? Na kwa nini zisiwe tatu? Na mchezo unajuaje..."

"Ee! Sasa ndiyo wewe," fundi alisema, akamvutia kiti.

Jioni waliunganisha kila kitu. Kwanini akabonyeza kitufe. Kimya. Halafu feni zikavuma, skrini ikawaka, na gari jekundu likateleza barabarani bila kurukaruka hata kidogo. Alipiga kelele za furaha.

"Mimi nilijua tu ile fupi ndiyo nzuri," Domo akasema, bila hata chembe ya haya.

Kwanini alikwenda kwa mama yake, akamweleza yote, hata yale ambayo angeweza kuyaficha. Mama akaacha kushona.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kujifanya unajua. Lile neno lako 'nimepima' lilikuwa nusu kweli, na nusu kweli inapoteza mtu kama uongo mzima. Kadi isiyoingia hubadilishwa dukani. Neno likishatoka mdomoni, wa kulirudisha ni mwenyewe tu, na ni kazi kubwa. Leo umeifanya. Hukuniangusha."

Kisha mama akafuta mikono, akaja kuketi mbele ya skrini. Gari lake likapiga ukuta, likapiga mti, likaingia mtoni. Domo alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakujali.

"Mimi hapa sijui hata pa kushika," alisema. "Breki iko wapi? Nifundishe."

Kwanini akasogeza kiti karibu naye, akaanza kumwonyesha.