Kopo la Mvua la Shangazi Agatha

Kila asubuhi kabla ya shule, Anjelina alichungulia kopo la kupimia mvua lililofungwa kwenye nguzo nyuma ya nyumba yao, Kitangari, kijiji cha uwanda wa juu. Lilikuwa la shangazi yake Agatha, mtaalamu wa kompyuta huko Mtwara. Kazi yake ilikuwa kuifanya kompyuta ikadirie bahari itapanda mpaka wapi na itafika nyumba zipi. Mvua ya huku juu ikiteremka na mto, ikakuta bahari imejaa, watu wa pwani huamka vitanda vinaelea. Kwa hiyo Anjelina alisoma kipimo, kisha akaenda kumtajia shangazi kwenye simu ya upepo, redio ya mawasiliano ya Nurdini, mmoja wa wafanyabiashara waliokuja kununua korosho tangu biashara hiyo ilipoachiwa watu binafsi.

Mwaka ule wa Elinino mvua ilipiga usiku kucha, lakini kopo akalikuta tupu. Bibi yake, Priska, alishayamimina maji mtungini. Kwa mtu aliyezeeka akifuata ndoo ya maji bondeni, kuacha maji nje ni wazimu. Anjelina akaona haya kusema kipimo kimeingia mtungini. Akabuni: mvua kidogo tu.

Jioni Nurdini akamwambia kwamba Bi Agatha amewaruhusu watu wa kando ya mto, kule pwani, walale bila wasiwasi.  Anjelina akaomba simu, ikakoroma tu. Barabara ilikuwa tope, basi halipandi wala halishuki, na mvua ikaanza tena. Akakaa kibarazani kwa Nurdini akilia.

Fakihi, anayesoma naye, akamcheka. "Mtoto wa Kitangari unalilia mvua? Wenzio huililia isipokuja."

Bibi naye akaja kumfuata, kanga kichwani. Wakangoja. Magharibi simu ikaitika, Anjelina akasema yote. Shangazi akamtaka bibi.

"Shikamoo, mama. Yale maji uliyamwaga?"

"Marahaba. Mimi nimwage maji? Nimeyapikia."

"Kopo lilijaa?"

"Lilikuwa linafurika."

Hilo lilitosha. Usiku uleule watu wa kando ya mto wakahamishiwa shule ya huko pwani iliyo kilimani. Kulipokucha nyumba zao hazikuwepo; wenyewe walikuwepo.

Shangazi alipopiga tena, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Anjelina, bahari siwezi kuizuia, na kompyuta haiwezi. Tunachoweza ni kuwahi kusema, basi. Nayo kompyuta inaamini kila inachoambiwa. Siku nyingine kama hujui, niambie hujui. Hilo naweza kulipigia hesabu. Uongo siwezi."