Siku ya Hamsini na Tatu

"Alexis, huo uso umenenepa hivi kwa chakula cha nani?"

Karibu miezi miwili mchumba huyu wa Thérèse alikuwa akimpigia simu ya sauti tu. Leo kwa bahati mbaya kabonyeza video. Mashavu yamemjaa, amelala chali, saa saba mchana!

"Chérie, kazi ya Manchester inachokesha. Niko napumzika kidogo."

Hapo sauti ya mwanamke ikapenya:

"Alexis darling, time for your wash!"

Simu ikakatika.

Thérèse akabaki ameshika simu pale kazini Harrow, nyumbani kwa mzee anayemtunza. Kuogeshwa! Padri ameshatangaza ndoa yao Jumapili mbili, imebaki moja, na bwana arusi anaogeshwa na darling!

Alipomsimulia mdogo wake Plamedi, naye akammalizia kwa ujumbe:

"Yaya, dada yangu, Manchester gani? Philemon wa kwaya alimupeleka Croydon na teksi yake. Adresi ndiyo hii. Usilie, enda."

Akaenda, pete ya uchumba mfukoni.

Nesi wa makamo, mwenye sauti ile ya kwenye simu, akamfungulia. Ndani, wanaume kumi kwenye vitanda kumi vilivyoinamishwa upande wa kichwani, na wa sita ni Alexis wake.

"Yesu wangu! Umepooza?"

"Hapana, ni utafiti. Serikali inataka kupeleka watu angani, lakini kule mwili hauna uzito. Mifupa inalegea, misuli inakwisha, uso unavimba. Dawa hawajapata. Ukilala hivi mwili unakuwa kama uko kule, ndiyo wanatulaza siku sitini, bila kuinuka hata kuoga. Leo ni ya hamsini na tatu."

"Na uongo ulikuwa wa nini?"

"Si weye ulisema? 'Kutwa nageuza watu kitandani, siku nikikuta na weye umelala, nakuacha.' Nikaogopa."

Kweli aliyasema, tena kwa kiapo.

"Thérèse, kwetu Bukavu nilifundisha fizikia. Hapa nafagia maofisi. Nilitaka hata mifupa yangu ifanye sayansi."

"Na mimi ukanifanya mujinga!"

Akaitupa pete juu ya blanketi, akageuka. Hajafika mlangoni, kitanda kikalia. Alexis alikuwa ameinua bega amfuate.

"Usiinuke!" nesi akapiga kelele kwa Kiingereza. "Siku zote zitapotea!"

"Zipotee!"

Thérèse akarudi mbio, akamkandamiza kifua kwa mikono ile ile ya kazi.

"Lala! Hamsini na tatu umenidanganya, hizi saba usiziharibu!"

Wakatazamana wakihema. Machozi ya Alexis yalikuwa yanateremkia kwenye nywele. Roho ikamuuma Thérèse, akayafuta kwa kiganja. Kisha akaiokota pete, akaivaa.

"Padri atangaze ya tatu. Lakini kanisani utaingia na miguu yako, sitaki bwana arusi wa kusukumwa."

Akamgeukia nesi, mkono kiunoni.

"Mama, lete beseni. Huyu namuosha mwenyewe. Leo uso tu, mengine baada ya ndoa."

Nesi hakujua Kiswahili, lakini alielewa. Akaleta beseni, na darling hakuitaja tena.