Mayonezi Juu ya Toleo la Kwanza

"Kiazi kwa Sufuria. Mbuzi anakimbilia treni."

"Nimekupata, Kiazi. Mfunge kamba."

Maaike Delvigne, jasusi nambari mbili wa Idara ya Filamu za Kale, Brussels (nambari moja alikuwa na mafua), aliruka mabenchi mawili ya kituo cha Midi bila kumwaga chipsi zake.

Bastola yake ya Browning ilikuwa kiunoni. Leo ilikuwa pambo tu.

Mkoba wa Gaspard Hoyaux, yule Mbuzi, ulibeba filamu ya mwaka 1897, na filamu za umri huo zikishika moto huwaka hata ndani ya maji.

Nakala pekee duniani. Ilionyesha watoto wakitoka sokoni, basi. Gaspard aliiiba miaka mitano iliyopita. Leo alikuwa anaivusha mpaka kwa tajiri mmoja wa Geneva. Kati ya watoto wale alikuwemo bibi yake Mzee Roelandts, mkuu wa idara, yule Sufuria wa redioni. Mzee hakuwahi kuiona sura ya bibi yake, hata pichani.

Gaspard aliteleza. Mkoba ukafunguka, kitabu cha katuni kikachomoka, kikalala sakafuni ndani ya plastiki yake kama samaki bapa. Toleo la kwanza, 1934.

Alinyakua kopo la filamu, akafika mlango wa treni. Alikuwa ameshapona.

Akageuka nyuma. Kitabu kilikuwa mkononi mwa Maaike.

Mkusanya katuni anaweza kumwacha mke kituoni. Toleo la kwanza, hapana.

Alirudi na kopo mkono mmoja, kiberiti cha gesi mkono wa pili. "Nipe kitabu, bibie, au nawasha!"

Maaike alikuwa ameshakivua plastiki. Alichovya chipsi kwenye mayonezi, akaining'iniza juu ya jalada.

"Washa."

"Huthubutu!"

Tone lilirefuka.

"Una roho ya shetani wewe mama!"

Kiberiti kilianguka. Pingu zikalia kacha!

Maaike aliliinua kopo. Lilikuwa limevalishwa plastiki tabaka tatu, zimezibwa kwa moto.

"Uliifunga lini hii?"

"Siku ileile niliyoichukua!" Gaspard alituna kifua. "Hewa haijaingia hata chembe. Nyinyi mliitupa stoo kama viatu vibovu. Mimi nimeitunza kama katuni zangu."

Katuni hufungwa hivyo. Filamu ya kale lazima ipumue. Ukiiziba, mvuke wake wenyewe huila.

Alipasua plastiki. Akafungua kopo.

Unga wa kahawia.

Redio ilikoroma. "Kiazi! Umeipata? Bibi yumo? Mama alisema alivaa aproni."

"Njama imezimwa, mkuu."

"Nimekuuliza bibi yangu, binti."

"Ni unga, mkuu. Unga mtupu."

Treni iliondoka, mabehewa yote.

"Nimekupata," Mzee Roelandts alisema mwishowe. Akazima.

Gaspard alikuwa analitazama kopo. "Lakini niliipenda."

"Najua."

"Basi nirudishie kitabu changu."

Maaike alikifungua ukurasa wa kwanza. Alifuta mayonezi ya vidoleni hapo, kidole kimoja kimoja, kwa adabu zote. Akakifunga, akakibana vizuri kwapani mwa Gaspard.

"Usiruhusu hewa iingie," alimwambia, akaenda zake na chipsi zilizopoa.